UDSM au UDOM? Ulinganisho kwa anayejaza maombi ya chuo mwaka huu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi likafunguliwa, swali hili huingia kwenye nyumba nyingi: mtoto ana alama za kuingia vyuo vyote viwili, ajaze Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dodoma? Mjomba aliyesoma Mlimani, yaani kampasi kuu ya UDSM, atasema hakuna chuo kingine nchini. Binamu aliyemaliza Dodoma juzi atauliza, huko Dar utalala wapi? Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na mtoto anabaki palepale.

Mimi nilisoma Mlimani, na sasa nafundisha kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi niliowafundisha wamesambaa katika vyuo hivi viwili, na wengi bado hunipigia simu. Kwa ninayoyasikia kwao mwaka baada ya mwaka, nimefikia msimamo mmoja: jina la chuo liangaliwe mwisho. Kwanza jua ndaki utakayosomea, yaani kitengo cha chuo chenye kozi yako, iko wapi hasa, kisha ujue utalala wapi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua miaka yako mitatu au minne itakuwaje, na ndiyo ambayo watu hawaulizi hadi wafike na begi mgongoni.

Vyuo viwili vilivyojengwa kwa fikra tofauti

UDSM kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache sana. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika, kikawa chuo kikuu kamili. Kampasi ile ilipangwa kwa ajili ya wanafunzi wachache waliolala na kula chuoni kwa gharama ya serikali. Idadi ikaongezeka mara nyingi, mlima ukabaki uleule.

UDOM kilianzishwa mwaka 2007, wakati nchi ilikuwa tayari na shule za kata na wimbi la wahitimu wa sekondari lilikuwa linaonekana likija. Kilianzia kwenye ukumbi wa Chimwaga, uliokuwa wa Chama cha Mapinduzi, na majengo mengi yakajengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Lengo tangu mwanzo lilikuwa wanafunzi 40,000. Ndiyo maana ukifika pale unaona nafasi kubwa isiyo na mwisho: kila ndaki imejengwa kwenye kilima chake, ikiwa na madarasa yake, maktaba yake, mabweni yake na sehemu zake za kula.

Tofauti hiyo ya mpango wa ardhi inaonekana katika kila jambo nitakalolitaja hapa chini.

Kitanda

Nianze na Dar, maana ndiko wengi wanakopata mshtuko.

UDSM kina mabweni pale mlimani, kina hosteli ya Mabibo, na tangu Aprili 2017 kina zile ambazo kila mtu anaziita Hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Zilipofunguliwa zilipunguza shida kwa kiasi kikubwa, hilo lisemwe wazi. Lakini waombaji bado ni wengi kuliko vitanda. Wanaopewa kipaumbele ni wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wengine wenye sababu maalumu. Kwa hiyo mzazi anayemwona mtoto amepata chumba mwaka wa kwanza asidhani jambo limekwisha, kwa sababu swali linarudi mwaka wa pili, na wengi hapo ndipo wanapotoka kwenda mtaani.

Mtaani maana yake ni Changanyikeni, Msewe, Makongo, Ubungo, Sinza, Mabibo, na kwa wenye mfuko mdogo zaidi, Kimara na kuendelea. Mwenye nyumba wa Dar hapokei kodi ya mwezi mmoja. Atataka miezi mitatu, mara nyingi sita, na dalali naye anasubiri chake. Kodi ya miezi hiyo michache inazidi ada ya hosteli ya chuo ya mwaka mzima. Ndiyo sababu wanafunzi hukusanyika watatu au wanne kwenye chumba kimoja na sebule, wakagawana kodi, umeme na mtungi wa gesi. Ndiyo sababu pia kubebana hakuishi: aliyepata kitanda humlaza mwenzake asiye na nafasi, wawili kwenye godoro la mmoja, huku wakijua kanuni za bweni zinakataza. Nimewasikia vijana wakilieleza jambo hili kama sehemu ya kawaida ya chuo. Mimi siwezi kuliona la kawaida. Anayelala hivyo wiki ya mitihani anaingia chumba cha mtihani akiwa amechoka kuliko mwenzake, na matokeo hayaandiki sababu.

Dodoma hali ni nyingine. Kwa kuwa mabweni yalijengwa pamoja na madarasa, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulala ndani ya chuo miaka yake yote, na bweni lake likawa mwendo wa miguu kutoka darasani. Anaamka, anaoga, anavuka uwanja, yuko darasani. Wapo wanaochagua kuishi nje kwa kutaka uhuru wa kupika na kutoka watakavyo. Hao huenda Ng'hong'hona, kijiji kilichopakana na chuo ambacho maisha yake sasa yanaendeshwa na wanafunzi, au Makulu na Iyumbu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kodi za mji huo nazo zimepanda, kwa hiyo yule anayekwambia Dodoma chumba ni bure anakupa habari za zamani. Hata hivyo, kule kupanga nje ni uamuzi. Dar mara nyingi ni lazima.

Kama familia yako iko Dar na mtoto atalala nyumbani, usiruke sehemu hii. Pima umbali halisi. Anayetoka Mbagala, Chanika au Bunju kuja Mlimani kila siku anatumia saa mbili au zaidi barabarani kila upande, na vipindi vya saa moja asubuhi havimsubiri. Nimewahi kuwashauri wazazi wa Dar wampeleke mtoto Dodoma kwa sababu hiyo peke yake. Wakashangaa, lakini hesabu ya saa za barabarani ilikuwa wazi.

Kozi yako inafundishwa wapi

Hapa ndipo jina la chuo linapodanganya watu. Ukisikia UDSM unafikiria Mlimani, ukumbi wa Nkrumah na ngazi zake. Lakini mwanafunzi wa udaktari wa UDSM anasomea Mbeya, kwenye ndaki ya afya iliyoko huko. Muhimbili, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya UDSM, ni chuo kikuu kinachojitegemea tangu 2007. Mwanafunzi wa kompyuta na mawasiliano wa UDSM yuko Kijitonyama. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari imekuwa na makao yake Mikocheni. DUCE iko Chang'ombe, upande mwingine kabisa wa jiji, na Mkwawa iko Iringa. Zote mbili ni vyuo vikuu vishiriki, shahada yake ni ya UDSM, lakini kwenye maombi huchaguliwa kivyake. Nimeshaona kijana akisherehekea kwamba amepata UDSM, kumbe barua inasema Mkwawa. Mkwawa ni mahali pazuri pa kusomea ualimu, na hali ya hewa ya Iringa inafaa mtu kukaa na kitabu, ila ni vema ujue kabla ya kukata tiketi.

UDOM wote wako kwenye vilima vile vya Chimwaga, kilomita chache mashariki ya mji. Anayesoma kompyuta ana ndaki yake yenye mabweni yake. Wa elimu vilevile, wa insia na sayansi za jamii vilevile. Wa udaktari ana Hospitali ya Benjamin Mkapa karibu na chuo, iliyozinduliwa mwaka 2015, na hospitali ya rufaa ya mkoa mjini. Kwa kozi za afya, kama alama zinakupa nafasi ya kuchagua kati ya vyuo hivi viwili, hapo unachagua kati ya Dodoma na Mbeya. Dar haipo kwenye orodha.

Upande wa pili, kuna fani ambazo Mlimani ina mizizi mirefu isiyopatikana kwa miaka michache. Uhandisi wa ujenzi, mitambo, umeme na kemikali: kitivo cha uhandisi kilianza 1973, na karakana zake zimelea vizazi vya wahandisi wa nchi hii. Sheria ndiyo iliyozaa chuo chenyewe. Jiolojia. Sayansi za bahari, zenye taasisi yake Zanzibar. Na Kiswahili: Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ilizaliwa 2009 kwa kuunganishwa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, waliotutungia kamusi, na idara ya Kiswahili ya chuo. Anayetaka kuwa mtafiti wa lugha hii, kukaa karibu na watu wale ni faida kubwa. Kwa ualimu wa shule, kompyuta, takwimu, uhasibu na utawala wa umma, pengo kati ya vyuo hivi viwili ni dogo kuliko sifa zinavyodai. Hapo acha kitanda kiamue.

Bumu na njia linavyoisha

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, wa chakula na malazi, bumu, ni kiwango kimoja popote ulipo. Mwaka wa masomo 2022/23 ulipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Ukizipata kwa mkupuo mmoja zinaonekana nyingi, na wiki mbili za kwanza baada ya bumu kutoka utajua tu kwa kuangalia foleni za chipsi kuku.

Sasa zigawe. Daladala ya safari fupi nauli yake ilipanda hadi shilingi 600 Desemba 2023. Anayekaa mtaa ambao lazima abadilishe gari mara moja kufika Mlimani anatumia 2,400 kwa siku, kwenda na kurudi. Hiyo ni karibu robo ya bumu lote, imekwisha kabla hajanywa chai. Anayebaki na 7,600 atoe milo yake, vocha ya intaneti, kuchapisha kazi, na sehemu yake ya kodi. Mwenzake wa Dodoma anayelala bwenini anatembea kwa miguu. Anapanda gari anapotaka kwenda mjini, Sabasaba au Jamatini, labda mara moja kwa wiki. Kiwango ni kilekile, lakini mmoja anaishi nacho na mwingine anakikimbiza.

Chakula hakina tofauti ya kutisha. Vyuo vyote viwili vina kafeteria, mama lishe na vibanda vya chipsi. Dodoma ukitoka nje kidogo utapata ugali wa uwele au mtama na mlenda, chakula cha Wagogo kinachoshibisha hadi jioni. Zabibu za msimu nazo utazila hadi uzichoke. Dar ina kila kitu, na hilo lenyewe ni gharama. Mlimani City iko mlangoni, Mwenge iko karibu, nguo, simu, sherehe, kila wiki kuna kitu. Mtoto ambaye hajawahi kushika laki sita mkononi anahitaji kuzungumza na mlezi wake kuhusu hili kabla ya kupanda basi.

Kuna jambo la kheri kwa Dar ambalo haki yake lazima itolewe: kazi za pembeni. Jiji lile linampa mwanafunzi mwenye bidii nafasi ya kufundisha tuisheni Sinza jioni, kuuza nguo mtandaoni na kupeleka mzigo mwenyewe, kupiga picha kwenye sherehe, kutengeneza tovuti za maduka. Ninao vijana waliojisomesha hivyo hadi mwisho. Dodoma soko la aina hiyo lipo na linakua pamoja na mji, ila bado ni jembamba, na mteja mkubwa wa mwanafunzi wa UDOM ni mwanafunzi mwenzake.

Bima ya afya ya NHIF kwa mwanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilipe mapema, wala usiihesabu kama pesa ya kubana matumizi.

Darasani

Vyuo vyote viwili ni vikubwa, na ukubwa unajulikana zaidi kwenye masomo ya lazima. Stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo huwakusanya mamia ya wanafunzi kwenye ukumbi mmoja. Usipowahi utakaa kwenye ngazi au usimame mlangoni, na mhadhiri hatakujua jina hadi unahitimu. Mlimani kumbi za Yombo na Nkrumah ndizo zinazobeba mizigo hiyo. Chimwaga nako kuna kumbi kubwa za aina hiyo. Mtu aliyezoea darasa la watu arobaini la PCB au HKL, mwalimu akimfuata mezani, anapata tabu miezi ya kwanza. Hapa hakuna chuo kinachomshinda mwenzake.

Utaratibu wa alama nao unafanana: kazi za muhula, kisha mtihani wa chuo, UE, mwisho wa muhula. Wastani, GPA, unahesabiwa hadi 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Ukifeli somo unarudia mtihani kwa sapu, ukishindwa tena unabeba kari, yaani somo linakufuata mwaka unaofuata, na wastani ukianguka chini ya kiwango unadisko na kurudi nyumbani. Wengi wanaodisko mwaka wa kwanza walikuwa na akili za kutosha. Walipoteza wiki sita za mwanzo. Aliyefika akakosa mahali pa kulala, akahangaika na usajili, akakosa jaribio la kwanza, anaanza mbio akiwa nyuma. Ndiyo maana narudia habari ya kitanda.

Kwa mahali pa kupigia msuli, Mlimani sasa iko mbele. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa Novemba 2018, na inaketisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Halafu kuna vimbweta, meza za zege chini ya miti, ambapo makundi hukaa hadi usiku yakibishana juu ya maswali ya mitihani iliyopita. Sehemu kubwa ya elimu yangu niliipatia hapo, kwa wenzangu, na nadhani ndivyo ilivyo kwa wengi. UDOM maktaba zimegawanyika kwa ndaki. Faida yake ni kwamba iko karibu na bweni lako, usiku hurudi mbali. Hasara yake ni kwamba mtu wa sayansi za jamii anayetaka kitabu cha takwimu huenda akakifuata kilima kingine, na vilima vile havipo jirani. Kutoka ndaki moja hadi nyingine ni safari ya bajaji au bodaboda.

Mtawanyiko huo una tokeo jingine ambalo wanafunzi wa UDOM hunisimulia sana. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa na marafiki wa ndaki yake tu. Wa elimu wanakaa na wa elimu, wa kompyuta na wa kompyuta. Mlimani, kwa kubanana kule, mwanasheria anakaa kwenye kimbweta kimoja na mhandisi na mwanafunzi wa tamthilia, wanalala bweni moja, wanagombea nafasi za DARUSO, serikali ya wanafunzi, pamoja. Kwa kijana mwenye umri wa miaka ishirini hilo lina thamani ambayo haionekani kwenye cheti.

Joto, vumbi na maji

Dar ni joto lenye unyevu, jasho kuanzia asubuhi, na masika barabara hujaa maji. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ni kukavu, mvua za msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili. Upepo wa pale unabeba vumbi jekundu, na mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi ambayo mtoto wa Tanga au Pwani haijui. Beba sweta na blanketi. Beba pia ndoo mbili zenye vifuniko, kwa sababu ukame wa mkoa ule unafanya maji kuwa jambo la kupanga, na mwanafunzi mwenye maji ya akiba anaoga siku bomba likikauka. Mwenye pumu au mafua ya vumbi aongee na daktari kabla ya kuchagua Dodoma. Mwenye ngozi inayosumbuliwa na jasho afikirie Dar mara mbili.

Sauti ya chuo

Mlimani ina historia ya kusema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne. Miaka michache baadaye Walter Rodney alikuwa akifundisha historia pale, Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi, na mijadala ya ukombozi wa Afrika ilijaza kumbi. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa 2008 na kushikwa kwanza na Profesa Issa Shivji, kiliirudisha roho hiyo kwa kizazi kingine. Siku hizi mijadala imepoa ukilinganisha na tunayosimuliwa, lakini bado kuna wiki ambazo ukumbi wa Nkrumah unajaa watu waliokuja kusikiliza hoja tu. Ukiwa mtu wa hoja, uandishi, maigizo au siasa, Mlimani inakupa hadhira.

UDOM ni chuo kichanga, wahitimu wake wa kwanza wako katikati ya kazi zao sasa. Lakini kina jambo ambalo Mlimani ililipoteza: mji mkuu. Bunge linakaa Dodoma, na mwanafunzi wa sheria au sayansi ya siasa anaweza kwenda kukaa jukwaa la wageni akaona muswada unavyojadiliwa kifungu kwa kifungu. Nawashangaa wanaomaliza bila kwenda hata siku moja.

Fildi na ajira

Wizara zimehamia Mtumba, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kwa hiyo anayetafuta fildi, mafunzo ya kazini, kwenye utumishi wa umma, mipango, takwimu au serikali za mitaa ana ofisi karibu, na anabaki kwenye chumba chake cha chuo au cha Ng'hong'hona. Dar imebaki na bandari, benki, viwanda, kampuni za simu, vyombo vya habari na mawakili wengi. Mhandisi, mwanahabari, mtu wa masoko na fedha atapata fildi Dar kwa urahisi zaidi, na mara nyingi fildi ndiyo inayoleta simu ya kwanza ya kazi.

Kuhusu swali la waajiri kupenda cheti cha Mlimani zaidi: kwa ajira za serikali zinazopita Sekretarieti ya Ajira, usaili ndio unaoamua, na wa UDOM wanapita sawasawa na wengine. Kwa kampuni binafsi, mtandao wa waliosoma Mlimani ni mpana kwa sababu ya umri wa chuo, na sitaficha kwamba unasaidia. Unasaidia zaidi mwenye GPA nzuri na aliyefanya fildi ya maana, na GPA nzuri hupatikana pale unapolala vizuri na kufika darasani kwa wakati.

Safari ya nyumbani

Treni ya SGR imebadilisha hesabu. Tangu Julai 2024 Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne, na nauli ya kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Kwa familia ya Dar, mtoto aliyeko Dodoma si wa mbali tena kama zamani alipokuwa anakaa kwenye basi siku nzima. Kwa watu wa Singida, Tabora, Shinyanga, Mwanza na Kigoma, Dodoma iko njiani, inapunguza safari kwa kilomita 450 hivi. Kwa Mtwara, Lindi, Tanga, Pwani na Zanzibar, Dar ndiyo karibu.

Kama ningekuwa najaza mimi

Uhandisi, sheria, jiolojia, Kiswahili cha utafiti, sanaa za maonyesho: ningeweka UDSM kwanza, halafu siku hiyohiyo ningeanza kutafuta ndugu au rafiki wa kuaminika karibu na Ubungo, endapo kitanda kitakosekana. Kompyuta, ualimu, takwimu, uhasibu, utawala, na familia haina uwezo wa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo: ningeweka UDOM kwanza bila kusita. Udaktari: Dodoma, isipokuwa nyumbani ni nyanda za juu kusini, basi Mbeya. Msichana ambaye wazazi wana wasiwasi kumwacha apange chumba mtaani akiwa na miaka 19, UDOM pia, maana wasiwasi huo una msingi, na bweni la ndani ya chuo linaupunguza.

Mengine ni ya utaratibu, lakini yanaangusha watu kila mwaka. Vijana wengi hujaza maombi wakiwa kambini JKT, au wanamwachia mtu wa nyumbani awajazie. Mwandikie anayekujazia majina kamili ya kozi na kampasi, kwa mpangilio wako, kwenye karatasi. Soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usitumie wa kaka yako. Kumbuka kiwango cha chini cha pointi 4.0 katika masomo mawili ya tahasusi kinakupa haki ya kuomba tu, na kozi zenye ushindani hupokea watu wenye alama za juu zaidi ya hapo. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu iwe yako au ya mtu anayepatikana, na laini isiwe imefungwa. Ukiacha muda upite, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine.

Na usiende na mfuko mtupu ukitegemea bumu. Lazima kwanza usajiliwe, upate namba, ufungue akaunti na usaini, na fungu la kwanza kwa mwaka wa kwanza linaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Mlezi atenge hela ya chakula ya mwezi mzima, na kwa anayekwenda Dar bila uhakika wa hosteli, aongeze kodi ya kuanzia.